Dada Aliyekwenda na Kurudi

Mama yangu alikaa Dar es Salaam siku kumi na moja na hakuiona bahari. Ilikuwa Oktoba 1983. Alitoka Kibara kwenda kumwangalia kaka yake, na siku zote hizo zikaishia Manzese, ndani ya nyumba ya kupanga, kati ya chumba, ua na choo. Aliporudi, bibi akamuuliza bahari ikoje. Mama akajibu, "Ni kubwa. Kama ziwa, ila maji yake ya chumvi." Bibi akaridhika. Sisi wanawe tulikua tukiamini hivyo hivyo, na wala hatukuona sababu ya kuuliza zaidi. Ukweli nimeujua mwaka juzi.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari za wanawake kama yeye kwenye vitabu, na sizipati. Tuna habari tele za waliohama shamba wakahamia mjini. Tuna habari tele za waliopotelea huko. Lakini dada aliyepanda gari akaenda kumwona kaka yake, akahesabu watoto, akaonja mboga ya wifi, akafungasha akarudi kwao, huyo ni kama hajawahi kuwepo. Na kwetu wapo wengi kuliko hao waliopotea.

Kwa asiyepajua, Kibara ni mji mdogo wilayani Bunda, mkoani Mara, kando ya Ghuba ya Speke. Jina la ghuba alilitoa Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, akimkumbuka Speke aliyefika Mwanza mwaka 1858. Waliokuwa wakivua humo siku zote hawakuulizwa. Magharibi yetu ni Ukerewe. Watu wa kwetu ni mchanganyiko: Wajita, Wakerewe, Wakara, Wasukuma, na nyumba nyingi zina lugha mbili mezani. Tunaishi kwa samaki, muhogo na, hasa zamani, pamba.

Na kwa nini aende dada? Si angeenda kaka mwingine, mwanamume, mwenye nguvu za kugombania siti? Kwetu, kama kwa majirani zetu wengi wa Mara, ng'ombe walioingia nyumbani dada alipoolewa ndio hao hao walitoka kaka alipooa. Mjomba wangu alioa kwa mahari ya mama. Kwa hiyo mama alipokwenda Manzese hakwenda kama mgeni wa kukaribishwa soda. Alikwenda kuiona nyumba ambayo, kwa hesabu ya kwetu, imesimama kwa ng'ombe wake. Halafu kuna jambo jingine ambalo bibi alilisema wazi: mwanamume akitembelea atakaa barazani na ataambiwa mambo mazuri. Dada ataingia jikoni. Akifunua chungu ameshajua kila kitu.

Sasa turudi kwenye vitabu, maana hapa ndipo palipoanza kunikera.

Upande wetu wa ziwa hatuna njaa ya waandishi. Ng'ambo pale Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ikasubiri miaka thelathini na mitano. Tanzania Publishing House waliitoa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mzee akafariki mwaka 1981. Jina kamili la kitabu lina watu wanne: baada ya wazazi wanafuata watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, kaka na dada. Nalipenda jina hilo kwa sababu hiyo tu. Mle ndani watu wanatembeleana kwa miguu, wanapokewa, wanalala, na mgeni ni jambo kubwa la kuandikiwa kurasa na kurasa. Ila Kitereza aliandika juu ya Ukerewe ya zamani, kabla ya mji. Hakuna stendi.

Mji unaingia na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe hiyo hiyo. Na ukiingia, dada anakwisha. Rosa wa Rosa Mistika (1971) anatoka kisiwani kwenda kusoma, Mwanza kisha Morogoro, na tunajua alivyoishia. Katika Kichwamaji (1974), Rukia, dada yake Kazimoto, anapewa mimba na Manase, mtoto wa mkubwa, na anakufa. Sisemi Kezilahabi alikosea. Wasichana wa namna hiyo walikuwepo, na wengine tunawajua kwa majina. Riwaya ile ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilisema yaliyokuwa yakitokea. Nachosema ni kwamba kitabu baada ya kitabu, njia ya dada kwenda mjini imekuwa moja, na mwisho wake ni kaburi.

Nilikuwa nadhani hiyo ni tabia ya waandishi. Baadaye nikaanza kusoma historia ya miji yetu, nikakuta kumbe serikali nayo ilikuwa na riwaya yake, tena ni ile ile.

Wakoloni wa Kiingereza hawakuutaka mji wa Mwafrika. Walimtaka mfanyakazi: aje, afanye kazi, arudi kwao. Mwaka 1944 wakatunga sheria ya kuwaondoa mijini wale waliowaita wasiotakiwa. Asiye na kazi inayoeleweka angeweza kurudishwa alikotoka. Mwanamke katika hesabu hiyo alikuwa na nafasi mbili tu. Ama ni mke wa mtu, ama ni malaya. Watawala wa jadi wengi waliafiki, na ng'ambo ya ziwa kule Bukoba wakubwa walifika mahali pa kutaka kuwazuia wanawake wasisafiri peke yao kwenda mijini. Jaribu kutafuta hapo mahali pa kumweka mwanamke mwenye kapu la samaki wakavu, anayesema, "Nimekuja kumwona kaka, nitarudi." Hayupo kwenye fomu.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na mvua kubwa zikaja nao, ziwa likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka ile, mpaka wazee wa mwambao wakazichanganya habari mbili kuwa moja. Pesa nazo zilikuwepo kidogo. Paul Bomani, kijana aliyezaliwa Musoma, alikuwa ameshawaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, na chama chao kikuu, Victoria Federation, kilianza mwaka 1955. Msimu wa kuuza pamba ndio ulikuwa msimu wa nauli. Ukiona mtu anakwenda kusalimia mjini, ujue mizani imeshapima.

Na safari yenyewe ilikuwa safari. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, lakini kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Tabora, unalala humo usiku mmoja, unalala wa pili. Kabla ya treni una lori au mashua ya kukufikisha Mwanza. Kwa basi, mambo yalikuwa ya kuchekesha: kwa miaka mingi mtu wa Mara aliyetaka kwenda Dar kwa barabara alipitia Nairobi. Yaani unavuka mpaka Sirari, unakatiza nchi ya watu, unarudi Tanzania kwa Namanga, ndipo unateremka kuelekea pwani. Njia ya lami ya ndani kwa ndani kupitia Singida imetimia miaka ya 2000. Watoto wa leo ukiwaambia wanadhani unawatania.

Sasa Oktoba 1983 hata hiyo ya Nairobi haikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, na ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Mama alichelewa, au aliwahi, kwa mwezi mmoja.

Mjomba alikuwa kiwanda cha nguo. Kila msimu alikuwa anaandika barua, inafika kwa sanduku la posta la shule, mwalimu anaisoma. Tangu Januari mwaka ule, kimya. Bibi alisubiri pamba iuzwe. Kisha akasema na mama, "Nenda ukamwangalie."

Alikwenda na gunia dogo la udaga, sato wakavu na kuku mmoja. Lori mpaka Bunda, basi mpaka Mwanza, treni daraja la tatu. Kuku alifia Dodoma. Mama anakumbuka hilo kuliko vitu vingine vyote vya njiani, na bado anamsikitikia.

Alichokuwa hajui ni kwamba mwaka huo ilikuwa imepitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na miezi ile ile operesheni ilikuwa inaanza Dar es Salaam. Nia iliyotajwa ilikuwa kila mtu mwenye uwezo afanye kazi, kilimo kipate watu, mji upumue. Kwa vitendo, watu walikuwa wanasimamishwa mitaani kuulizwa kitambulisho cha kazi, na asiye nacho alijikuta kwenye lori, kurudishwa mkoani au kupelekwa mashambani. Haikuwa mara ya kwanza, kwani hata miaka ya 1970 wazururaji walikusanywa. Neno lenyewe, mzururaji, lisikilize vizuri. Anayetembea bila shughuli. Sasa mgeni ni nani kama si mtu anayetembea bila shughuli? Na kwa Kiswahili chetu, kwenda kumsalimia mtu si ndo tunaita kumtembelea?

Mjomba alikuwa na kitambulisho chake cha kiwandani. Mama alikuwa na kadi ya CCM na kadi ya kliniki ya kaka yangu mkubwa, ambaye alimwacha Kibara. Jioni ile ile mjomba akampeleka kwa balozi wa nyumba kumi kumwandikisha. Balozi, mtu mwema kwa maelezo ya mama, akaandika jina, akafunga daftari, akasema, "Dada huyu asitoke toke."

Basi hakutoka. Aliisikia Dar. Alisikia makondakta wakiita "dala! dala!", maana mwaka ule ule mabasi madogo ya watu binafsi yalianza kuruhusiwa, na nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo watu waliiita dala. Alisikia muezini, alisikia ugomvi wa foleni ya sukari. Alifua, alitwanga, alisuka nywele za watoto wa kaka yake. Alifunua vyungu, kama alivyotumwa. Akaona nyumba inakula mara moja kwa siku. Baiskeli ambayo mjomba alikuwa ameiandika kwenye barua ya mwaka uliotangulia haikuwepo, na hakuna aliyeitaja. Siku ya kumi na moja mjomba akamsindikiza stesheni alfajiri, wakipita vichochoro, akamwambia awasalimie wote na awaambie mambo ni mazuri.

Hakuna aliyepotea katika kisa hiki, wala aliyekamatwa, wala aliyekufa, kuku ukimwacha. Nadhani ndiyo maana hakijaandikwa. Lakini nikikiangalia naona sheria, reli, mpaka uliofungwa, bei ya pamba na mahari, vyote vimekutana kwenye chumba kimoja cha Manzese juu ya mwanamke mmoja anayemenya vitunguu.

Leo mambo ni tofauti. Dada wa Kibara anakwenda mjini Ijumaa, anarudi Jumapili. Tunasema "naenda wikendi", tunaona ni jambo la kawaida, lakini wikendi yenyewe kwetu ni ngeni. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, watu wanasafiri, harusi zinapangwa. Ukitaka kumtembelea mtu ulikuwa unaangalia mbalamwezi. Mkulima naye alikuwa na msimu wake. Jumamosi na Jumapili kuwa siku za kusalimiana ni saa ya mwajiriwa wa mjini, na sisi wa kando ya ziwa tumeifuata kwa sababu ndiyo saa ambayo kaka anapatikana. Au anasema anapatikana.

Barabara imesaidia. Lami ya kutoka Bunda kuelekea Kisorya imetujia vipande kwa vipande. Kilichobadilisha zaidi, kwa maoni yangu, ni simu. Kwanza ilikuja kuondoa barua. Halafu mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na nyingine zikafuata, na hapo ikaondoka sababu kubwa ya safari. Zamani pesa ya kaka ilikuwa na miguu. Ama aje nayo mwenyewe, ama dada aifuate, na akiifuata ataona inatoka wapi. Sasa inaingia kwenye simu ya mama na mlio wake. Elfu ishirini. Haisemi imetoka mfuko gani, imekopwa au la, aliyetuma amekula au hajala. Watu wanasema pesa za simu zimetuunganisha. Kweli. Ila zimempa kaka pazia zuri ambalo mjomba wangu angelinunua kwa bei yoyote.

Mdogo wangu anaishi Mwanza, Igoma. Alikuwa na kazi ya ofisini, ya tai Jumatatu. Kila mwisho wa mwezi mlio unasikika. Mwaka juzi mlio ukaanza kuchelewa, kisha elfu ishirini ikawa kumi, kisha ikawa meseji ya "nitatuma". Kwa simu sauti yake ilikuwa nzuri tu, tena ya kuchangamka kupita kiasi. Mama akakaa na hilo jambo wiki mbili. Akaniambia maneno yale yale, ambayo wakati ule sikujua ni yale yale: "Nenda ukamwangalie."

Mimi ni mwalimu, wikendi ninayo. Ijumaa nikatoka mchana, mchomoko mpaka Bunda, tumebanana wanne nyuma, kisha basi. Lamadi, Magu, Kisesa, Igoma. Jua lilikuwa bado halijazama kabisa. Nilikuwa na dagaa debe moja. Wifi alinipokea vizuri, akaangalia debe, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe siku hizi anadamka saa kumi usiku kwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa wa jumla, anakuja kuwauza Igoma kwa visado. Dagaa wenyewe wengine wanatoka huku huku kwetu. "Wifi, umemletea muuza maji ndoo ya maji," akasema.

Wifi kuanza biashara si ajabu. Wanawake wa mjini wanafanya hivyo. Jumamosi asubuhi mdogo wangu akavaa shati la ofisini, akasema wana kazi maalumu, atarudi jioni. Nikamwambia sawa. Nilipokuwa nafagia chumba ambacho watoto wanalala, ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Helmeti, na koti la kung'aa lile la bodaboda, limekunjwa vizuri kama nguo ya kanisani. Nikalirudisha. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, na mimi sikusema, tukaenda kupika.

Pikipiki si aibu. Nimefundisha vijana wengi ambao leo wanalisha familia kwa pikipiki, na namheshimu kila mmoja. Lakini si mimi niliyekuwa naona aibu. Mle ndani, vyungu vilikuwa na chakula, watoto walikuwa na madaftari, paja la mdogo mmoja lilikuwa na kovu jipya la exozi ambalo wote tulijifanya hatulioni. Niliangalia yote niliyotumwa kuangalia. Na jioni kaka mtu akarudi na samaki wawili wakubwa wa kukaanga, akanieleza habari za ofisi, mabosi, mradi unaokuja. Alieleza vizuri sana. Alikuwa na majina ya watu na kila kitu. Nikamuuliza maswali, maana usipouliza atajua.

Jumapili baada ya misa akasema rafiki yake ana pikipiki, ameiazima, atanipeleka kwenye gari. Alivyoikwepa mitaro ya Igoma, aisee, huwezi kuendesha pikipiki ya kuazima hivyo. Akanilipia nauli. Akaniwekea na elfu ishirini mkononi, noti, za mama. "Mwambie mambo ni mazuri."

Nilifika Kibara saa mbili usiku. Mama alikuwa hajalala. Nikampa pesa yake, nikampa salamu, nikamwambia mwanao hajambo, kazi ipo, watoto wamekua, wifi amenenepa. Akazihesabu noti zile, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Akanyamaza kidogo.

"Na bahari umeiona?"

Nikamwambia, mama, Mwanza hakuna bahari.

"Najua," akasema. "Sogeza kigoda, ukae." Ndipo akanisimulia habari ya Manzese.